Mzunguko wa hedhi kwa uzi na mahindi

Mwanafunzi wa sekondari huko Koni, karibu na mto Lufira, anaweza kukariri kwamba yai hutoka siku ya 14, akapata pointi zote kwenye mtihani, na bado asijue ni lini msichana anaweza kushika mimba. Namba hiyo ni ya mzunguko wa siku 28 tu. Mzunguko wa mwanamke mzima huweza kuwa wa siku 21 hadi 35, na wa msichana aliyeanza hedhi karibuni huweza kufika hata siku 45. Kinachobadilika zaidi ni muda wa kabla ya yai kutoka. Baada ya hapo, hedhi inayofuata huja kwa kawaida baada ya siku 14 hivi. Jambo hili ubao hauliweki wazi. Mikono huliweka wazi haraka.

Vifaa ni uzi, sindano, maharagwe na mahindi yaliyolowekwa usiku kucha ili sindano ipite. Kila kundi la wanafunzi litunge mzunguko wake: moja siku 24, jingine 28, jingine 35. Maharagwe matano yawe siku za damu, mahindi yawe siku zilizobaki. Kisha wahesabu 14 kutoka mwisho kurudi nyuma, na mbegu inayofuata iwe siku ya yai. Wa siku 28 watafika mbegu ya 14, wa 35 watafika ya 21, na wa 24 watafika ya 10. Yai huishi kama siku moja tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo wafunge uzi mwekundu kwenye siku 5 zinazotangulia siku ya yai. Kwenye mzunguko wa siku 24, uzi huo unaanzia juu ya haragwe la mwisho. Imani kwamba siku za damu hazina hatari inavunjika hapo hapo, mbele ya wasichana na wavulana, nao wavulana wana haki ile ile ya kujua.

Wazazi wengi wanaogopa kwamba somo hili linawafungua watoto macho mapema. Hofu yao inatokana na upendo, nami naiheshimu, ila ushahidi hauiungi mkono. Mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, unaonyesha kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Na kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliko Koni, uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta wasichana 27 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba ya kwanza. Ukimya haukuwalinda.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kijana ataugeuza uzi huu kuwa njia ya kuzuia mimba. Mwalimu aseme bila kuzunguka: hata shanga za uzazi wa mpango zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zinawafaa wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 peke yao, na mzunguko wa msichana mdogo hurukaruka. Baada ya kusema hivyo, aongeze mahindi matano kabla ya siku ya yai kwenye uzi wowote, awaombe wahesabu upya.