Mwajiri na Afya ya Akili ya Mwombaji Kazi: Swali Lipi ni la Haki?



Wengi kati yetu ni waajiri hata kama hatujiiti hivyo. Mwenye lori anayetafuta dereva, familia ya Kihonda inayompokea binti kutoka Kinole kwa kazi za nyumbani, mwenye duka anayetaka mlinzi wa usiku, na parokia inayoajiri mpishi au karani, wote hufika mahali pa kujiuliza kama mtu aliye mbele yao ana afya njema ya akili. Mara nyingi haulizwi yeye mwenyewe. Huulizwa majirani, tena kwa sauti ya chini. Na huku Uluguru, ambako mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama, uvumi juu ya mjomba mmoja waweza kumfuata mpwa wake kutoka Mgeta hadi mjini, na kumfungia mlango wa kazi kabla hajaufikia.

Je, ni haki mwajiri kuitazama afya ya akili ya mtu anayeomba kazi? Jambo hili lahitaji kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu kila upande una kitu kizito cha kulinda. Mwajiri anawajibika kwa watoto atakaowaacha mikononi mwa msaidizi, kwa abiria na kwa wafanyakazi wengine. Mwombaji naye anayo riziki yake, jina lake jema na, mara nyingi, tiba inayomwezesha kuishi vema.

Kanisa hufanyaje?

Tuanze nyumbani kwetu. Kanisa huchunguza afya ya akili ya wale wanaoomba kuwa mapadre, wala halifichi jambo hilo. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika Kanuni ya 241, unamtaka Askofu awapokee katika seminari kuu wale ambao, pamoja na sifa nyingine, wana afya ya mwili na ya akili. Kanuni ya 1041 inataja ugonjwa wa akili kati ya mambo yanayoweza kumzuia mtu kupokea Daraja Takatifu.

Hata hivyo, sheria hizohizo zinaweka mipaka. Kwanza, Kanuni ya 1041 haisemi kwamba kila aliyewahi kuugua amezuiliwa. Inamhusu yule ambaye, baada ya wataalamu kuombwa ushauri, ameonekana kwamba hawezi kuitekeleza huduma hiyo ipasavyo. Kipimo ni huduma yenyewe, na neno la mtaa halitoshi kuwa ushahidi. Pili, Kanuni ya 220 inalinda jina jema na faragha ya kila mtu. Tatu, mwongozo uliotolewa na Idara ya Elimu Katoliki mwaka 2008, kuhusu matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari, unadai kwamba mseminari akubali kwa hiari, akiwa ameelezwa wazi, kabla ya kupimwa na mwanasaikolojia. Nne, Kanuni ya 1044 inaeleza kwamba padre aliyepatwa na ugonjwa wa namna hiyo aweza kurudi katika utumishi wake pale mkuu wake wa Kanisa, baada ya kumsikiliza mtaalamu, anapomruhusu. Mlango ukifungwa, haufungwi kwa ufunguo wa kutupwa mtoni.

Ikiwa Kanisa linajiwekea mipaka hiyo katika wito mzito kama upadre, itakuwa ajabu sisi kuwa wakali zaidi tunapoajiri mtu wa kufyeka majani au kupanga bidhaa dukani.

Sheria ya nchi inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mbalimbali, ulemavu ukiwemo. Yafaa kukumbuka kwamba kinga hiyo inamfikia pia mwombaji kazi, siyo tu aliyekwisha kuajiriwa. Sheria hiyohiyo inakubali kwamba si ubaguzi kumchagua au kumwacha mtu kwa sababu ya sharti ambalo ni la lazima kwa asili ya kazi yenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na ulemavu katika sheria hiyo hauishii kwenye viungo vya mwili. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo, fomu ya daktari si karatasi ya kuachwa juu ya meza ya ofisi ili kila apitaye aisome.

Tofauti ya maswali mawili

Kutoka katika mafundisho na sheria hizo tunapata kanuni moja iliyo rahisi kushika: mwajiri ana haki ya kujua kama mtu huyu anaweza kuifanya kazi hii kwa usalama. Hana haki ya kuchimba historia yote ya maradhi yake. “Je, unaweza kuendesha gari usiku kucha ukiwa macho?” ni swali la haki kwa dereva wa lori. “Je, umewahi kulazwa Mirembe?” halipimi uendeshaji wala uangalifu, linapima aibu tu. Vivyo hivyo, kama mlinzi atashika silaha, ni halali daktari aulizwe kama anafaa kwa kazi hiyo, naye daktari ajibu kuhusu kufaa kwake, pasipo kumwaga siri zote za mgonjwa.

Swali baya lina madhara hata kwa anayeliuliza. Mtu mwenye sonona akijua kwamba kuonekana kliniki kutamnyima kazi, ataacha kliniki. Atakunywa dawa kwa kujificha, au hatazinywa kabisa. Mwajiri atakuwa amempata mfanyakazi asiyetibiwa badala ya mfanyakazi mgonjwa anayetibiwa, na usalama alioutaka utakuwa umepungua.

Historia ya mkoa wetu inatufundisha. Kule Mahenge, tangu miaka ya 1960 hivi, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wenye kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini watu wengi hukichanganya na wazimu. Wagonjwa walitengwa kwa hofu kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Walipopata dawa na kuzitumia, wengi waliweza kurudi katika maisha ya kawaida na kazi zao. Kilichokuwa kimewazuia ni ukosefu wa tiba na hofu ya jirani, wala si uvivu au laana.

Tufanye nini?

Kwa waajiri, tunashauri mambo manne. Andikeni kwanza kazi yenyewe inadai nini, kisha ulizeni hayo tu. Waulizeni waombaji wote maswali yaleyale. Uchunguzi wa daktari, pale unapohitajika, ufanyike baada ya mtu kuonekana anafaa kwa ujuzi wake, na kwa ridhaa yake. Na baada ya kumwajiri, mpeni ruhusa ya kwenda kliniki bila kumwadhibu. Mara nyingi siku moja ya mwezi na zamu isiyovunja usingizi humtosha mtu kudumu kazini miaka mingi.

Kwa mnaoomba kazi, hamna wajibu wa kumsimulia kila mtu maradhi yenu. Lakini pale ambapo uhai wa mwingine unategemea uzima wenu, ukweli ni deni la upendo.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, alifundisha kwamba jamii inayowapa kazi watu wazima wa afya peke yao inatenda jambo lisilostahili utu, kwani wenye nguvu wanawabagua wanyonge na wagonjwa.

Tumkumbuke nabii Eliya (1 Fal 19). Alikaa chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumwondoa katika orodha ya watumishi wake. Alimpa usingizi, mkate na maji, akamwacha apumzike tena, akamlisha mara ya pili. Kisha akamsikiliza, na mwishoni akamtuma kazini.