Damu Inaposema Nusu ya Habari: Magonjwa Sugu ya Utumbo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa mgonjwa wa Kihurio anayeharisha damu miezi kadhaa, anakonda, na dawa za amiba zimegonga mwamba. Mjini huenda akashauriwa vipimo viwili vya damu: pANCA na ASCA.

Cha kwanza hutafuta kingamwili zilizomgeukia mwenyewe, zikashambulia chembe nyeupe za damu yake. Huonekana kwa zaidi ya nusu ya wenye vidonda vya utumbo mpana. Cha pili huwekwa kapu moja na hicho, lakini kingamwili zake hulenga ukuta wa hamira, ileile ya maandazi. Hizo huonekana kwa takriban nusu ya wenye ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Maandazi hayana kosa. Wengi hudhani utumbo uliovimba hupitisha vitu ambavyo kinga ya mwili haikuzoea kukutana navyo.

Zipo dalili kwamba kingamwili hizo hutangulia ugonjwa. Utafiti wa Israeli wa mwaka 2005 ulipima damu ya askari iliyohifadhiwa walipokuwa wazima: karibu theluthi ya waliokuja kupata Crohn walikuwa nazo tayari.

Lakini Kihurio si Israeli. Hapa watu hushinda mashambani kwenye maji ya mpunga, na maziwa mabichi bado yananywewa. Kichocho cha tumbo, amiba na kifua kikuu cha utumbo vyote vinaweza kuleta dalili hizohizo. Kifua kikuu ndicho kinachonitisha: hupenda palepale Crohn inapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba, na hata kamera ya utumbo huweza kudanganyika. Tafiti za India zimeonyesha kuwa ASCA haitenganishi magonjwa hayo mawili. Na Crohn hutibiwa kwa prednisolone, dawa inayoshusha kinga. Mwenye kifua kikuu akipewa hiyo peke yake, unampalilia makaa.

Kwa hiyo, fedha za ASCA zisitangulie kipimo cha choo, uchunguzi wa kifua kikuu, na kamera ya utumbo pamoja na kinyama cha kupeleka maabara. Ndugu msomaji, ukiona damu chooni, nenda kituo cha afya mapema, na isipokoma omba rufaa ya hospitali ya Same au KCMC, Moshi.

Itaendelea.