CHUMA NACHO HUCHOKA

Chuma ni kitu cha nguvu. Hushika daraja, hubeba gari la moshi. Lakini chuma nacho huchoka.

Twaa kipande cha waya. Ukikikunja mara moja, hakikatiki. Ukikikunja huku na huku mara nyingi, kitakatika. Mkono haukuongeza nguvu; kurudia-rudia ndiko kulikokikata.

Tarehe 8 Mei 1842, huko Ufaransa, watu wengi walikuwa wakirudi Paris kwa gari la moshi. Walitoka Versailles, katika sikukuu ya mfalme. Njiani ekseli ya mashine ya mbele ikavunjika. Ekseli ni chuma kirefu kinachounga magurudumu mawili. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Watu zaidi ya 50 wakafa.

Ekseli hubeba mizigo kila siku. Mbona huvunjika siku moja kwa ghafula?

Mzigo huipinda ekseli kidogo sana. Upande unaovutwa sasa, baada ya nusu mzunguko husongwa. Basi ekseli hukunjwa huku na huku kila inapozunguka, kama waya ule.

Mwaka 1903, huko Uingereza, wataalamu Ewing na Humfrey walisugua chuma mpaka kikang'aa kama kioo. Wakakizungusha kikiwa kimepindwa, mara maelfu na maelfu. Kila baada ya muda walikitazama kwa mikroskopi, chombo kinachokuza vitu vidogo mno.

Waliona nini? Chuma ni punje ndogo nyingi zilizoshikamana. Juu ya punje fulani ilitokea mistari myembamba. Hapo matabaka ya punje yalikuwa yameteleza, moja juu ya jingine, kama karatasi za kitabu. Mistari ikazidi, ikawa minene. Mwisho ikafunguka, ikawa ufa. Ufa ukaendelea kukua, hata chuma kikakatika.

Kwa hiyo mafundi hawangoji ekseli ivunjike. Huipima kwa vyombo, tena huitoa mapema ikiwa na ufa, ujapokuwa mdogo kama unywele. Fundi mwema hadharau kitu kidogo, kwa maana roho za watu zimo mikononi mwake.

Maulizo
1. Kwa nini waya hukatika ukikunjwa mara nyingi?
2. Ewing na Humfrey waliona nini juu ya punje za chuma?
3. Kwa nini fundi hatosheki kuitazama ekseli kwa macho tu?