Migongo ya Wauguzi Wetu

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Ramadhani iliyopita nilimkuta nyumbani kwake akiswali juu ya kiti, naye hajafikisha hata miaka 40. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyonge: "Kaka, mgongo hauniruhusu kurukuu." Usiku mmoja alimgeuza mgonjwa mzito peke yake, kwa kuwa mwenzake alikuwa amekwenda kumpokea mgonjwa mwingine. Alihisi kama kisu kiunoni. Hata hivyo, alimaliza zamu yake.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu vinavyopunguza mtikisiko. Mtu anapoinama huku magoti yamenyooka, kisha akajipinda hali ameshika uzito, visahani vya kiunoni ndivyo hubanwa zaidi. Na kadiri mzigo ulivyo mbali na kifua, ndivyo unavyozidi kukielemea kiuno. Kwa sababu hiyo wauguzi hufundishwa kupandisha kitanda hadi usawa wa kiuno, kutanua miguu, kukunja magoti, kumkaribisha mgonjwa mwilini, na kugeuka kwa nyayo.

Mafunzo hayo ni mema, lakini siafikiani na wanaomlaumu muuguzi kwamba "alibeba vibaya". Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza kwamba muuguzi asiinue kwa mikono yake uzito wa mgonjwa unaozidi takriban kilo 16. Mguu mmoja tu wa mtu mwenye kilo 100 hukaribia kiasi hicho! Isitoshe, mgonjwa si gunia. Huweza kushtuka au kulegea ghafla. Zipo mashine za kuwainulia wagonjwa, lakini wodi nyingi za kwetu hazina, na mzigo wote huangukia mikono ya watu.

Mikono hiyo, ndugu wasomaji, yaweza kuwa yetu. Saa ya kutazama wagonjwa tunajaa wodini, lakini muuguzi akiomba watu wawili wa kumsaidia, tunatazamana. Mama yako akihitaji kugeuzwa, nani aliye mahramu wake kuliko wewe? Kwanza mwulize muuguzi, maana kuna wagonjwa wasiofaa kuguswa ovyo. Hakikisheni breki za kitanda zimefungwa. Shikeni shuka lililo chini ya mgonjwa, pande zote mbili, karibu na mwili wake, kisha mmoja ahesabu hadi tatu ili mvute kwa pamoja. Na mgonjwa asimning'inie muuguzi shingoni; wengi wameumizwa hivyo.

Mwenye maumivu ya mgongo akipatwa na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja, afikishwe hospitali mara moja.

Kamati yetu ya msikiti imemwomba mdogo wangu aje kutuonyesha hayo Jumapili, baada ya Adhuhuri. Amekubali kwa sharti moja: atakayelala kitandani kama mgonjwa awe mweka hazina wetu, ambaye kilo zake hazipungui 90.