Mdogo wetu wa Torino anataka kupeleka watoto kwenye theluji

Siku ya Mungu iliyopita tuliweka telefoni katikati ya meza, sauti juu, ili wote tusikie. Mdogo wetu anayeishi Torino, kule Italia, alikuwa na ombi. Hakuomba feza, aliomba ruhusa. "Mama, nataka kupeleka watoto mlimani wakateleze kwenye theluji. Lakini sipendi mseme ninachezea feza wakati huko nyumbani kuna shida."

Tulinyamaza. Akina mama wenye mtoto Ulaya mnajua kimya hicho: kila mmoja anahesabu kichwani. Mama mzazi ndiye aliyesema wa kwanza: "Yaani mtu analipa ili aanguke?"

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kule, familia nyingi zina desturi ya kwenda mlimani juma moja wakati wa baridi, wanaliita settimana bianca, juma jeupe. Mtoto wake mvulana, wa miaka 8, hajaenda hata mara moja. Mwaka jana wenzake waliporudi wakisimulia, naye akadanganya kwamba alikwenda. Mwalimu akamwomba achore. Akachora mlima wa kijani, watoto wakamcheka.

Sisi tunaoshinda na watoto darasani tunajua uongo wa namna hiyo unatoka wapi. Basi tukakubali kuhesabu pamoja naye.

Shemeji alitaka Cortina, kwenye milima ya Dolomiti, kwa sababu ya jina kubwa: michezo ya Olimpiki ya baridi ilifanyika pale mwaka 1956. Lakini Cortina iko upande mwingine kabisa wa Italia ya kaskazini, ni mji wa wenye mali, na lazima mtu alale hoteli. Mdogo wetu akapata shauri lingine. Bardonecchia, mji mdogo karibu na mpaka wa Ufaransa, una treni moja kwa moja kutoka Torino, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Unaondoka asubuhi, jioni unalala kwako. Hesabu ya hoteli tukaifuta palepale.

Siku nayo ina bei yake. Kuanzia Noeli mpaka tarehe 6 Januari kila kitu kinapanda. Baada ya hapo, kabla ya likizo za karnavali, bei inashuka na foleni inapungua. Tukachagua Jumamosi moja mwisho wa Januari.

Vifaa havinunuliwi: mbao za kutelezea, viatu vyake vigumu, fimbo na kofia ya kulinda kichwa, vyote vinakodishwa pale mlimani. Kofia hiyo si pambo. Sheria ya Italia inamlazimisha kila anayeteleza kuivaa, mkubwa kwa mdogo, tena tangu 2022 inamtaka awe na bima ya kulipia atakayemgonga. Bima hiyo unaweza kuipata ya siku moja. Nguo nzito wataazima kwa majirani. Ila suruali ya jinzi hapana, inalowa na baridi inaingia mpaka mfupani. Miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua ni lazima, hata kwa ngozi yetu nyeusi, kwa sababu theluji inarudisha mwanga machoni kama kioo.

Njia za kuteleza zina rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya mabingwa. Watoto watabaki kwenye uwanja wa wanaoanza, pamoja na mwalimu wa kikundi. Hivyo hakuna haja ya kulipa tike ya siku nzima ya kupanda mlima wote. Yeye mwenyewe hatateleza. Anamtunza bibi mzee kule. Akivunjika mguu, nani atafanya kazi? Atakaa chini na chupa ya chai.

Hapo mama mzazi akauliza: "Theluji hiyo ni kama ile ya Ruwenzori?" Alikulia upande wa Beni, ambako asubuhi ikiwa angavu weupe ule unaonekana kwa mbali. Tukamwambia ni ileile. Tena kilele kirefu cha Ruwenzori, mita 5.109, kinaitwa Margherita kwa jina la malkia wa Italia. Aliyekipa jina ni Luigi Amedeo, duke wa Abruzzi, aliyekipanda mwaka 1906, mtu wa ukoo wa Savoia, ambao makao yao ya zamani yalikuwa Torino huko huko.

Mama akafikiri kidogo. "Basi wao walikuja kuangalia theluji yetu. Wajukuu wangu nao waende waangalie yao."

Lakini aliweka sharti. Mjukuu wake mkubwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na minervali ya muhula wa pili haijalipwa. Hiyo itangulie. Mdogo wetu akasema ataituma Ijumaa, na tike za treni atanunua Jumamosi. Mvulana akachukua telefoni kwa mama yake, akamuuliza bibi kama theluji ina harufu. Bibi akajibu kwamba hajawahi kuikaribia, na kwamba anangoja yeye amwambie.