Mgeni wa Gramu Tisa

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba nilirudi kutoka zamu ya usiku nikiwa nimechoka sana. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 11, alinipokea mlangoni akiwa na manati shingoni. Mkononi alishika ndege mdogo aliyekufa, mgongo wa kijani kilichopauka, kifua cha manjano hafifu. Alijisifu kwamba alimpata kwa jiwe la kwanza, pale kwenye kahawa yetu. Nilimkaripia, mpenzi msomaji, lakini si kwa ajili ya ndege. Nilitaka kulala.

Sisi wa Karatu tumezoea kuona magari ya watalii yakipanda kwenda Ngorongoro, eneo lililotengwa tangu mwaka 1959. Wengi wetu tunaujua msitu ule kwa mbali tu, kwa mawingu yanayoukalia na maji yanayoshuka mashambani mwetu. Baba watoto alipopata likizo mwezi wa Desemba, tulikubaliana kwenda na watoto. Tukalipa kiingilio na kupewa mwongozaji, kwani mle mna nyati na tembo, hakuna kwenda peke yako.

Njia inapanda kuelekea Mapango ya Tembo, mahali ambapo tembo huchimba ukuta wa udongo kwa pembe zao wapate madini. Mwongozaji alituomba tunyamaze. (Kwa mwanamke aliyezoea kupanga kwaya kila Jumamosi, hilo si jambo dogo!) Akasema ndege wa msituni huanza kuonwa kwa masikio. Kweli, baada ya dakika chache za kimya tulisikia sauti nzito juu ya miti, kisha shorobo akaruka, mwili wa kijani, mabawa mekundu kama damu. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake. Tukaelezwa pia habari za hondohondo, ambaye jike huzibwa ndani ya tundu la mti wakati wa kuatamia, likabaki ufa mwembamba tu, na dume humletea chakula siku zote hizo. Nilimtazama baba watoto. Akatazama miti.

Kisha mwongozaji akampa mwanangu darubini, akamwonyesha tawi. Alikuwa ni yule yule, kijani na manjano, akiokota wadudu kwenye majani.

"Huyu si mwenyeji," alisema. "Amezaliwa kwenye misitu ya kaskazini kabisa, Finland au Urusi. Kule kukianza baridi wadudu hupotea, naye huja huku."

Ndege huyo ana uzito wa gramu tisa hivi. Mimi muuguzi nilipiga hesabu haraka: hata vijiko viwili vidogo vya dawa ya maji havifiki. Husafiri zaidi ya kilomita 7,000, nyingi usiku, na hakuna mzazi anayemwonyesha njia. Tena hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo ndege wachache hufanya. Hukaa kwetu mpaka Machi au Aprili, kisha hurudi kutaga.

Mwanangu alishusha darubini. "Mama, yule wangu naye alitoka huko?"

Nilimjibu ndiyo, huenda. Hakusema neno tena mpaka maporomoko ya Endoro.

Akina mama, darubini si lazima. Weka sahani ya maji chini ya mti, keti na watoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnyamaze. Sisi tumehesabu aina 14 bila kutoka uani, na mwanangu ndiye anayeandika kwenye daftari.

Manati hajaitupa. Niliikuta chini ya godoro nilipotandika kitanda, mpira umekatika. Sikuuliza, nikairudisha palepale.