Kulala Hemani katika Vilima vya Shimba

Wengi wa wakaao Likoni, ambao hununua maji kwa mitungi, hawajapata kuiona chemchemi ya Marere, ingawa si mbali: iko katika vilima vya Shimba, upande wa Kwale. Msitu wa huko ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968, na mgeni akilipa ada huruhusiwa kupiga hema. Mtu wa pwani na achukue blanketi, maana usiku una baridi. Alfajiri, ukungu ukiinuka, huenda akamwona palahala, ambaye katika Kenya nzima huishi porini hapo tu. Ndovu nao wapo. Basi chakula kisiachwe ovyo.

Lakini ajabu ya mahali hapo ni maji. Mvua inayoangukia miti hunywewa na mchanga, kisha hutoka polepole hata wakati wa kiangazi. Mombasa iliyanywa maji ya Marere kwa mabomba kabla ya yale ya Mzima kufika mwaka 1957. Kwa hiyo mwenye hema asikate mti mbichi kwa kuni, wala asifue nguo kijitoni: kijito hicho huteremka kwa watu.